Pembe Hupunguzwa, Haiongezwi: Namna ya Kuchagua Shofa

Wazee wetu, akina mama, ndugu na vijana, shalom. Tunashukuru kwa nafasi hii, na tutajitahidi tusiwachoshe.

Tumeombwa tueleze mtu anayetaka kununua shofa aangalie nini. Shofa ni baragumu ya pembe ya kondoo dume, ile inayopigwa katika sinagogi wakati wa Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya wa Kiyahudi, na mwishoni mwa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Kanuni ya kuichagua ni moja, na mengine yote tutakayosema leo yanaifuata: pembe hupunguzwa, haiongezwi. Unaruhusiwa kuikata ikawa fupi. Unaruhusiwa kuikwangua ndani au nje hadi ikawa nyembamba. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya sheria ya marabi wa kale, katika kitabu chake kiitwacho Rosh Hashana, ukurasa wa 27, inayataja hayo waziwazi. Lakini ukiirefusha kwa kuiunga na kipande cha pembe nyingine, au ukiivika dhahabu pale midomo inapokaa, umeiharibu, haifai tena kwa ibada. Basi mnunuzi anatafuta pembe yenye unene wa kutosha pale panapohitaji kupunguzwa, na isiyodai kuongezwa kitu popote.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Mishna, sheria ya mapokeo ambayo Talmudi inaifafanua, inasema shofa zote zinafaa isipokuwa ya ng'ombe. Walimu wa Talmudi walitoa sababu, na moja inagusa moyo: pembe ya ng'ombe inakumbusha ndama wa dhahabu aliyeabudiwa jangwani, na mshitaki hawezi kusimama akawa mtetezi. Kondoo dume ndiye wa kwanza kwa heshima, kwa kumbukumbu ya yule aliyenaswa kichakani kwa pembe zake Abrahamu alipokuwa tayari kumtoa Isaka. Inapendekezwa pia pembe iwe imepinda, kama mtu aliyeinamisha moyo wake siku ya hukumu. Rambam, mwalimu mkuu wa sheria ya Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alikaza zaidi: kwake yeye ni pembe ya kondoo iliyopinda na si nyingine. Rabi Yosef Karo, ambaye Shulchan Aruch yake, kitabu cha kanuni za sheria ya Kiyahudi, ilichapishwa mwaka 1565, aliitanguliza ya kondoo iliyopinda, kisha akaziacha nyingine kwa asiyeipata. Mbuzi, kwa mfano, inafaa, ila inakuja nyuma. Pembe za matawi za kulungu wa nchi za baridi hazifai kabisa. Ule ni mfupa mzima usio na uwazi ndani.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Wayahudi wa Yemeni wana desturi ya kupiga pembe ndefu iliyosokotwa, na mnyama mwenye pembe hiyo ni tandala mkubwa, huyuhuyu anayeonekana Ruaha. Pembe yake ikipimwa kwa kufuata msokoto hupita mita moja kwa urahisi. Inapendeza macho, na ndiyo maana wengi wanaitamani. Lakini msinunue pembe ya tandala kwa mchuuzi wa barabarani. Tanzania, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, pembe hiyo ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 inamkamata mwenye nyara bila kibali vilevile. Anayetaka ya tandala aagize kwa mtengenezaji mwenye hati za nchi ilikotoka, na aulize kwanza idara ya wanyamapori na ya mifugo kuhusu kibali cha kuiingiza. Isitoshe, pembe nyingi za tandala zinazouzwa kwetu kama mapambo zimetobolewa ubavuni, kwa sababu ndivyo baragumu za Kiafrika zinavyopigwa, kama ilivyo hata siwa ya Lamu. Shofa hupigwa kutoka ncha nyembamba. Pembe yenye tundu ubavuni haifai kwa kazi hiyo, hata kama ina sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Kuna wengine wanauliza: kwa nini tusitumie kondoo wetu wa hapa? Wale weupe wenye kichwa cheusi hawana pembe kabisa. Kondoo mwekundu wa Kimasai, dume, wakati mwingine huwa nazo, ila nyingi ni fupi. Ukipata iliyokomaa, jaribu. Kipimo cha chini cha kisheria si kikubwa: ukiishika katika ngumi, ionekane huku na huku, yaani sentimita 8 hadi 10 hivi. Tatizo la pembe fupi kiasi hicho ni kwamba sauti yake ni nyembamba sana na inamchosha mpigaji.

Sasa tuishike pembe yenyewe. Hii hapa mkononi ni ya kondoo, sentimita 38. Fahamuni kwamba wauzaji hupima kwa utepe unaofuata mgongo wa pembe, si kwa rula iliyonyooka; ukiiweka mezani utaona imefika 28 tu, na hujadhulumiwa. Tazameni mistari hii inayoizunguka kama pete, na tazameni upande mpana: si duara, una umbo la pembetatu iliyolainika. Hizo ni alama za kondoo. Pembe ya ng'ombe ni laini, imeviringana, na imepinda mara moja tu kama mwezi mchanga. Ikiisha kupigwa msasa na kung'arishwa, mtu asiyejua huuziwa ya ng'ombe kwa bei ya kondoo. Ya plastiki ina mstari wa kiunganisho ubavuni, na rangi yake haibadiliki kutoka ncha hadi mwisho. Ukiwa bado na shaka, na mwenye mali akikubali, gusisha sindano ya moto ndani ya ukingo wa upande mpana: pembe hunuka kama nywele zilizoungua, kwa kuwa ni keratini, kitu kilekile cha nywele na kucha.

Ili mjue kasoro zinatoka wapi, lazima mjue pembe inatengenezwaje. Kondoo akiwa hai, ndani ya pembe kuna mfupa. Fundi huchemsha pembe kwa saa kadhaa, au huiacha ikauke muda mrefu, mpaka mfupa ulegee na kuvutwa nje. Panabaki gamba lenye uwazi. Lakini uwazi huo haufiki kwenye ncha: sentimita kadhaa za mwisho ni pembe nzima, ngumu, isiyo na tundu. Fundi hukata ncha, huipasha moto ili ilainike, huinyoosha kidogo, kisha hutoboa kwa keekee kutoka nchani hadi akutane na uwazi wa asili. Mwisho hupanua sehemu ya kuwekea midomo kama kikombe kidogo, hupiga msasa na kung'arisha.

Kila hatua kati ya hizo ina makosa yake. Moto ukizidi, pembe hukauka na kupasuka, au huungua ikawa na madoa meusi yaliyo mepesi kumeguka. Keekee ikipinda kidogo tu, inatokea ubavuni: tayari kuna tundu lisilotakiwa. Msasa ukizidi, ukuta wa pembe unakuwa mwembamba kama karatasi, hasa kwenye kona ya mpindo, na siku moja mtu anaiangusha, basi. Hii ndiyo sababu tunapenda zaidi pembe iliyoachwa na ngozi yake ya asili, au iliyong'arishwa nusu, kuliko ile inayometa yote kama kioo. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Mng'ao huo umepatikana kwa kuondoa unene.

Na fundi asiye mwaminifu akishatoboa ubavu, hufanya nini? Huziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa pembe, anapiga msasa, anang'arisha, na macho ya kawaida hayaoni kitu. Kwa hilo tuna tochi. Tuzime taa dakika moja. Ninaingiza tochi ndogo upande mpana. Mnaona? Pembe inapitisha mwanga, rangi ya asali, na mistari yake inakwenda bila kukatika. Sasa tazameni hii nyingine, sentimita 9 kutoka nchani: pale pana doa la ukubwa wa punje ya mahindi, mwanga unakoma ghafla, na mistari haipiti ndani yake. Hiyo ni gundi. Pembe nyeusi haipitishi mwanga vizuri. Kwa hiyo tumia tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, kwa sababu gundi nyingi hung'aa chini yake kwa namna tofauti na pembe. Washeni taa.

Kuna majaribio mengine matatu ya mkono mtupu. Pitisha pamba kavu taratibu juu ya pembe yote. Nyuzi zikinasa, angalia hapo kwa makini, huenda ni ufa. Gonga kwa ukucha: pembe nzima hutoa mlio mkavu ulio wazi, yenye ufa husikika kama chungu kilichopasuka. Tatu, ziba ncha kwa kidole gumba, jaza maji ya baridi, subiri dakika mbili. Tone likichomoza nje, umepata jibu.

Sasa sheria inasemaje juu ya nyufa na matundu? Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye shofa kuziba kwenyewe ndiko kunakoweza kuleta balaa. Shofa iliyopasuka kuwa vipande kisha ikaungwa haifai. Ufa wa urefu, yaani unaotoka upande mpana kuelekea ncha, ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu nguvu ya pumzi inauendeleza kila unapopiga. Wapo waamuzi wanaoikataa pembe hata kama ufa ni mdogo. Ufa wa mkingamo unatazamwa kwa mzunguko: ukila zaidi ya nusu ya mzunguko, pembe imeharibika, isipokuwa kama kutoka nchani hadi kwenye ufa kumebaki kipimo cha shofa, zile sentimita 8 hadi 10. Tundu lililoachwa wazi huenda lisiharibu kitu, ingawa linabadili sauti. Lililozibwa kwa kitu cha jinsi nyingine, kama gundi au nta, linazua shida. Lililozibwa kwa pembe linakubalika ikiwa sehemu kubwa ya shofa ni nzima na sauti imerudi kama ilivyokuwa. Haya ni mambo ya rabi kuamua akiwa ameishika pembe mkononi. Aliye karibu na sinagogi la Nairobi, au na Abayudaya, Wayahudi wa Uganda walio Mbale, aipeleke huko kabla ya kulipa fedha yote.

Tumefika kwenye ncha, na hapa tunawaomba mtulie, kwa sababu wanunuzi wengi huishika pembe kwa upande mpana na kuitazama urefu. Igeuzeni. Pembe mbili zinazofanana kila kitu zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku kwa ajili ya milimita 2 za pale midomo inapokaa.

Tundu la kuwekea midomo likiwa na upana wa milimita 15 hadi 18 hivi, linakaribia kipulizio cha tarumbeta, na mtu mzima wa kawaida atapata sauti. Likiwa chini ya hapo sana, midomo haina nafasi ya kutetemeka. Pumzi inapita, kinachosikika ni upepo. Likiwa pana mno, midomo inazama ndani na mpigaji anachoka kabla ya kufika popote. Si lazima liwe duara kamili. Pembe ya kondoo kwa asili ni bapa, na umbo la yai linapigika vizuri tu. Kisha tazama ukingo. Pitisha kidole. Ukikwaruza kidole, utakata mdomo. Ukuta wa ncha uwe na unene wa milimita 3 au zaidi, na hapa kanuni yetu inarudi: ukingo mnene wenye tundu dogo unaweza kurekebishwa, kwa msasa laini namba 400, kisha 600, kisha 1000 uliolowanishwa maji, robo saa kila siku, ukijaribu sauti kila baada ya hatua. Ukingo mwembamba wenye tundu pana hauna dawa. Huwezi kuongeza nta, huwezi kuvika shaba, huwezi kuchomeka kipulizio cha tarumbeta, kwa sababu kati ya midomo na pembe hakutakiwi kuwa na kitu. Kati ya tundu dogo na tundu kubwa, chukua dogo.

Ndani ya ncha kuna jambo ambalo duka halitakuonyesha. Pale keekee ilipokutana na uwazi wa asili, mara nyingi hubaki kizingiti, kama ngazi. Ingiza waya laini wa breki ya baiskeli, uliofunikwa ncha yake kwa kitambaa, uusukume polepole. Ukikwama ghafla, kizingiti ni kikubwa: sauti itakuwa na mkoromo, na mate yatakusanyika hapo na kuoza.

Kuhusu sauti, Talmudi ina neno la huruma: sauti zote zinafaa kwa shofa, iwe nyembamba, nene au kavu. Kwa hiyo hakuna sauti ya kukataliwa kwa sheria. Lakini wewe unanunua chombo cha kupigia milio 100 siku moja, kama ilivyo desturi ya Rosh Hashana katika jumuiya nyingi, na midomo ya binadamu ina kikomo. Jaribu hivi dukani. Piga tekia, mlio mmoja ulionyooka, ushikilie sekunde 5. Piga shevarimu, milio mitatu iliyovunjika kama kilio cha kwikwi. Piga terua, milio mifupi tisa ya haraka. Rudia mara tatu bila kupumzika. Pembe nzuri inaitika papo hapo unapoanza, na haikurukii kutoka noti moja hadi nyingine katikati ya tekia. Pembe ya kondoo hutoa noti mbili za uhakika, wakati mwingine tatu; ya tandala, kwa kuwa ni ndefu, hutoa nne na zaidi, na mwanzoni hilo ni usumbufu, maana mpigaji anatafuta noti moja na zinakuja nyingine. Terua ndiyo inayofichua siri: pembe nzito kuitika itameza milio miwili au mitatu kati ya tisa, na katika sinagogi lazima zote zisikike.

Kwa mtu mzima anayeanza, tunapendekeza ya kondoo yenye sentimita 35 hadi 42. Urefu wa ziada unapandisha bei kuliko unavyopandisha ubora.

Kitu kingine kidogo kinachosahauliwa: kondoo ana pembe mbili, ya kulia na ya kushoto, na mizunguko yao inapishana. Desturi ni kupiga kwa upande wa kulia wa mdomo, upande mpana ukitazama juu. Iweke mdomoni kabla ya kununua. Kuna pembe ambazo ukiziweka kulia zinageukia sikio lako mwenyewe. Anayepiga kwa kushoto kwa sababu ya meno au midomo yake, hana kosa, achague inayomfaa.

Harufu. Pembe mpya ina harufu kidogo ya mnyama, na hiyo ni kawaida. Inayonuka uozo ina mabaki ya nyama au mfupa ndani, na cha kuvunda hakina ubani: muuzaji akiwa ameimwagia manukato, shuku zaidi. Ishike mikononi dakika chache ipate joto, kisha uinuse upande mpana. Kama ni harufu ya wastani, ziba ncha, jaza siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, iache saa moja, mwaga, suuza kwa maji ya baridi mara kadhaa, iache ikauke siku nzima kivulini, ncha ikiwa juu. Unaweza kutia kokoto ndogo laini pamoja na siki hiyo na kutikisa ili zikwangue ndani. Msitumie maji ya moto. Pembe hulainika kwa moto, ndivyo fundi alivyoinyoosha, na itajipinda vivyo hivyo. Kwa sababu hiyohiyo msiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Anayenunua kutoka mbali adai vitu vinne kwa maandishi: picha ya ncha ikiwa imetazamwa usoni na rula pembeni, picha ya pembe ikiwa na tochi ndani, video ya pembe hiyohiyo ikipigwa, na cheti cha kosha, yaani cha kufaa kwa sheria ya Kiyahudi, kinachoonyesha ni rabi gani anayesimamia karakana. Picha ya pembe "inayofanana na hii" haina maana yoyote. Hakuna kondoo wawili wenye pembe moja. Na adai haki ya kurudisha ndani ya siku kadhaa. Muuzaji mzuri hakatai.

Ikishafika nyumbani, itunzwe katika mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, kwa sababu unyevu wa mate usipotoka unazaa harufu upya. Baada ya kupiga, ikung'ute, upangushe ndani ya ncha. Ikagueni kila mwezi: wapo wadudu wanaokula pembe, na dalili yao ni vumbi laini chini ya mfuko na vitundu vidogo kama vya sindano.

Mwezi wa Elul, unaotangulia Rosh Hashana, una siku 29, na katika jumuiya nyingi shofa hupigwa kila asubuhi ya siku za kazi hadi siku moja kabla ya mkesha wa Rosh Hashana, isipokuwa Sabato. Midomo isiyozoea inahitaji wiki nne za dakika 10 kwa siku, si saa nzima mara moja kwa wiki. Hesabuni kurudi nyuma kutoka hapo: pembe iwe imekaguliwa, imesafishwa na imekauka kabla ya Elul kuingia.

Hapa mezani tumeweka pembe sita. Mbili ni nzima, moja ina ufa wa urefu, moja imezibwa gundi, moja ni ya ng'ombe, na moja ina tundu pana lisilo na dawa. Hatukuandika ipi ni ipi. Tochi na pamba ziko pale mwisho wa meza; wazee watangulie.